Pesa, hela, senti: mbona fedha zetu zimebeba majina ya sarafu ndogo kabisa?

Mwana wa Makorora

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kumsalimia bibi. Ndani ya kasha lake, chini ya kanga, ana kimfuko cha kitambaa cheusi chenye vitu vya marehemu mama yake: kipini cha pua, kichupa cha wanja uliokauka, na sarafu moja ya shaba. Sarafu imelika ukingoni na imepiga weusi. Nikakaa nayo uani, nikaisugua kwa ndimu na majivu. Upande mmoja akajitokeza tai. Upande wa pili yakatoka maandishi ya Kiarabu, pamoja na tarakimu za mwaka 1307 wa Hijria.

Ile ni pesa. Simaanishi pesa kwa maana hii tunayoisema kila siku. Sarafu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiitwa pesa. Ilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890, na ilikuwa ya chini kuliko zote: ilibidi ukusanye 64 ndipo upate rupia moja.

Tangu siku ile neno hili halinitoki kichwani. Nitumie pesa, sina pesa, pesa imeingia, pesa ya kula. Tunalitamka tangu alfajiri hadi tunalala, kumbe tunataja kipande cha shaba ambacho kimoja peke yake hakikutosha kitu kikubwa.

Naeleza nilichonacho, halafu wenye zaidi waongeze.

Hiyo 64 ndiyo ufunguo. Wahindi waliigawa rupia yao mafungu 16, kila fungu wakaliita ana. Ana moja wakaigawa paisa 4. Kumi na sita mara nne, sitini na nne. Hesabu hiyo ilivuka bahari na wafanyabiashara wa Kachi na Gujarati, na ilipofika mwishoni mwa karne ya 19 rupia na paisa zilikuwa fedha za kila siku Unguja na Mombasa. Sultani Barghash alipotoa sarafu yake ya shaba mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, alifuata paisa hiyohiyo, akaichora mizani upande mmoja. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ikatoa ya kwake, yenye jina la Mombasa. Kwa hiyo Wajerumani walipokuja na tai wao hawakubuni jina. Walilikuta sokoni, wakalichukua.

Kuna wanaosema pesa tumeachiwa na Wareno, kutoka peso, yaani uzito. Hili nimelisikia sana, hata kwa walimu ninaowaheshimu. Mimi silikubali. Mreno alituachia meza, leso, bendera na gereza, hayo hayana ubishi. Lakini peso ilikuwa sarafu ya Mhispania, kubwa, ya madini ya fedha, mtu anaificha chini ya godoro. Haikuwa kijisarafu cha shaba cha kununulia mboga. Mreno mwenyewe aling'olewa Fort Jesus mwaka 1698. Na ile 64 kwa Mreno haina pa kukaa. Pa kukaa pake ni India.

Nayo hela? Mwaka 1904 Wajerumani waliachana na hesabu ya 64, wakaikata rupia vipande 100, kila kipande wakakiita heller. Kinywani mwetu ikawa hela. Heller ni sarafu ya kale ya mji wa Hall, ule unaoitwa leo Schwäbisch Hall, kusini mwa Ujerumani, ambako zilikuwa zikigongwa tangu karne za kati. Jina lina maana ya "ya Hall", basi. Mtu wa Mbeya akisema "leo sina hela" anataja mji wa watu bila kujua. Upande wa Waingereza nako 64 ikaachwa, rupia ikagawanywa senti 100, na shilingi ilipoingia mwaka 1921 ikazirithi senti hizo.

Sasa lile linalonigusa. Wakati wote huo mkubwa alikuwa rupia. Kodi kwa rupia, mshahara wa askari kwa rupia, pembe za ndovu kwa rupia. Lakini leo hakuna Mswahili anayesema "nitumie rupia". Tumeshika pesa na tumeshika hela, sarafu za mtu anayenunua muhogo na dagaa. Mimi naamini neno lilichaguliwa na mama mwenye kapu. Mwenye jahazi hakuulizwa.

Kwa lugha za kwenu ikoje?

Kigoda cha Mvule

Naketi hapa. Uzi wa kusoma na kahawa huu.

Binti Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Muscat, nyumbani tunazungumza Kiswahili kwa sababu bibi yangu ni mzaliwa wa Unguja.

Kaka Mwana wa Makorora, neno lako bado ni sarafu huku kwetu. Riali moja ya Omani ina baisa 1,000. Ni neno lilelile. Kiarabu hakina sauti ya "p", ndiyo maana kikasema baisa. Kiswahili kinayo, kikabaki na pesa. Wala si ajabu, kwa sababu mpaka mwaka 1970 huku pia watu walikuwa wakitumia rupia, ndipo riali ikaja ikagawanywa baisa.

Nikuhadithie nilichokiona juzi. Nilikwenda na bibi duka la vitambaa pale Mutrah. Muuzaji ni mtu wa Kerala, na mbele yetu kulikuwa na bwana mmoja Mwomani wa ndani kabisa, hajui neno la Kiswahili. Ilibakia chenji ya noti ya baisa 100. Muuzaji akasema kwa mwenzake "paisa". Yule bwana akaiitisha kwa "baisa". Bibi akanigeukia, akaniambia, "Na sisi mwambie atupe pesa zetu." Noti moja ya kijani juu ya meza, na majina matatu ambayo ni jina moja. Nilisimama pale nikasahau hata kitambaa nilichokifuata.

Kwa hiyo nakuunga mkono kuhusu Wareno. Peso ingetoka Ureno mpaka kwetu, isingefika kwa muuzaji wa Kerala ikiwa paisa.

Mkusanya Sarafu

Mkuu Mwana wa Makorora, kwanza nakusihi: sarafu ya zamani usiisugue tena. Ndimu na majivu vinakula uso wa shaba, na ule weusi ndio ulioilinda miaka yote. Iache ilivyo, ifunge kwenye karatasi kavu, mpe bibi airudishe kashani.

Sasa niongeze kidogo. Neno lako lilikwenda kaskazini pia. Waitaliano walipotoa sarafu kwa ajili ya Somalia mwaka 1909 waliziita besa, na besa 100 zilikuwa rupia moja. Wasomali nao hawana "p", kama Waarabu.

Kuhusu hela, watu wengi hawajui kwamba hela nyingine ziligongwa hapahapa nchini. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa imewabana Wajerumani na meli zao hazifiki, mwaka 1916 waligonga sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Hela 20 za shaba na za shaba nyeupe, zina herufi T. Nimewahi kuishika moja: herufi zimekaa upande, ukingo haulingani, unaona kabisa mkono wa fundi aliyekuwa na haraka. Palepale Tabora wakagonga na dhahabu ya rupia 15, ina tembo, dhahabu yenyewe ilichimbwa Sekenke. Rupia ile ya tembo leo watu wanaigombania kwenye minada. Hela ya shaba ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu. Hapo naona hoja yako ina nguvu.

Tena huko Ulaya hela haikufa mapema. Wacheki waliigawa fedha yao kwa haléř, neno hilohilo la Hall, na sarafu yao ya mwisho ya jina hilo iliondolewa mwaka 2008.

Chemutai wa Kapsabet

Shukrani kwa uzi. Lakini samahani, mimi nina neno la kupinga.

Kwanza, hela ni yenu ya Tanzania. Ukivuka Horohoro kuja Lunga Lunga, neno linabaki mpakani. Mdigo wa upande wa pili atakuelewa, lakini yeye mwenyewe atasema pesa. Kenya nzima ni pesa. Mkikuyu anasema mbeca, Mkamba mbesa, Mjaluo pesa. Hapo mko sawa na hiyo sarafu yenu ya shaba.

Lakini kwetu Wakalenjin fedha ni rabisiek. Hiyo ni rupia. Na Wamaasai wanasema iropiyiani, nayo ni rupia hiyohiyo. Sasa hoja ya kwamba rupia ilipotea na sarafu ndogo zikashinda inaanguka hapo. Kwetu mkubwa ndiye aliyebaki.

Na nadhani sababu ninaijua. Mzee wetu hakuuza mchicha. Aliuza ng'ombe. Hakuwa na shughuli na vipande 64 vya shaba, kwa sababu maziwa alikuwa nayo, nyama alikuwa nayo, na mtama mke wake alilima. Alikutana na fedha siku mbili tu: siku ya kuuza fahali na siku ya kulipa kodi ya nyumba kwa serikali ya mkoloni. Siku zote mbili ilikuwa ni rupia. Angeiita nini kingine?

Mwana wa Makorora

Dada Chemutai, umenishika, na nimefurahi umenishika. Nilikuwa natazama kwa jicho la mtu wa pwani, nikafikiri kila mtu alianza na kapu la soko.

Nabadilisha nilivyosema. Siyo kwamba ndogo inashinda kubwa. Jina linabaki la ile sarafu iliyomgusa mtu mkononi mara ya kwanza. Pwani mtu aliguswa na pesa kwa sababu kila kitu ni cha kununua: kuni, maji, samaki, mafuta ya taa. Ufugajini mtu aliguswa na rupia. Hili la kodi limenifikirisha sana, maana lina uchungu ndani yake. Kuna watu neno lao la fedha lilizaliwa siku walipodaiwa.

Ssalongo

Wakubwa, nawasalimu kutoka Kampala.

Kwetu tuna maneno mawili, na yote yanaingia kwenye uzi huu. La kwanza ni ssente. Hiyo ni senti, ile ya mia kwa shilingi. Senti yenyewe haitumiki tena, huwezi kununua kitu Uganda kwa senti, hata kwa shilingi mia hupati kitu cha maana, lakini mtu mwenye mamilioni benki tunasema ana ssente. Hiyo ni sarafu ndogo iliyomeza zote, kama alivyosema mwenye uzi mwanzoni.

La pili ni la zamani kuliko Mzungu na kuliko rupia. Ensimbi. Ensimbi ni kauri, yale makombe madogo meupe ya baharini. Kabla ya sarafu watu wa Buganda walinunua na kulipa kwa kauri, zikitobolewa na kutungwa kwenye uzi. Mpaka leo Waziri wa Fedha kwa Kiganda ni Minisita w'Ebyensimbi. Ukilitafsiri neno kwa neno ni waziri wa mambo ya kauri. Serikali inasoma bajeti, na neno la fedha zake ni kombe la bahari lililokuja kwetu kutoka pwani yenu.

Na siyo sisi peke yetu. Cedi ya Ghana inatokana na neno la kauri. Wahausa husema kudi, nayo ni kauri. Wachina katika maandishi yao ya kale walichora kauri kuonyesha mali, na mpaka leo alama hiyo imo ndani ya herufi zao za kununua, bidhaa na utajiri. Kauri za pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Unguja, zilibebwa na meli za wafanyabiashara wa Hamburg katikati ya karne ya 19 kupelekwa Afrika Magharibi. Kwa hiyo huenda mtu wa Lagos alihesabu utajiri wake kwa makombe yaliyookotwa na watoto wa Unguja wakati maji yamekupwa.

Kigoda cha Mvule

Ssalongo, hilo la mwisho limenisimamisha nywele. Tumeishi karibu na bahari miaka yote tunaona kauri za kuchezea bao.

Mwana Lubumbashi

Jambo bandugu. Nasoma tangu asubuhi.

Huku Kongo hatuna hela. Kivu wanasema feza na falanga. Falanga ni faranga ya Mbelgiji. Lakini Lubumbashi mtu akikosa kitu mfukoni anasema "siko na makuta". Makuta zilikuwa vipande vya zaire. Mwaka 1967 serikali ilileta zaire, kila zaire makuta 100, na kila likuta moja sengi 100. Zaire yenyewe imekufa, faranga imerudi tangu 1998, na vijana waliozaliwa baada ya hapo hawajawahi kuiona sarafu ya makuta kwa macho yao. Lakini makuta wanayatafuta kila siku.

Zaire ilikuwa jina kubwa, la nchi, la mto, la fedha. Limeondoka. Likuta limebaki. Kwa hiyo mimi niko upande wa mwenye uzi, kwetu mdogo ndiye aliyebaki.

Na muulizeni Mrundi. Yeye anasema amahera. Hiyo ni hela ya Wajerumani, imekaa Burundi tangu wakati wao, Mbelgiji alikuja mwaka 1916 na faranga zake na hakuweza kuing'oa. Jirani yake Mnyarwanda anasema amafaranga.

Mwalimu wa Mkunazini

Ahsanteni nyote, na hasa mwenye uzi kwa kufungua kasha la bibi. Mimi ni mwalimu mstaafu, Unguja. Naomba tusiliache neno fedha, kwa sababu tumelitumia toka mwanzo wa uzi bila ya kulitazama.

Fedha si sarafu hata kidogo. Ni madini. Kiarabu ni fidda, ile nyeupe inayofuliwa bangili na mikufu. Kiswahili kimebeba maana zote mbili bega kwa bega: pete ya fedha, medali ya fedha, na Waziri wa Fedha. Mtoto wa skuli akinisomea "alivaa bangili za fedha" nilikuwa namuuliza, je, alivaa noti? Hapo ndipo darasa linaanza.

Na njia hii ya kuita fedha kwa jina la madini yake imepitiwa na watu wengi sana wasiojuana. Mfaransa anasema argent, ni madini na ni fedha. Malagasi wanasema vola, vilevile. Mwebrania kesef, vilevile. Birr ya Ethiopia ni neno la madini hayo. Hata rupia yetu, mkiifuata mpaka Kisanskriti, rupya, inatoka kwenye fedha iliyofuliwa, na Sher Shah Suri ndiye aliyeisimamisha kuwa sarafu alipotawala Delhi, baina ya 1540 na 1545.

Angalieni pia adabu ya maneno. Husikii "Waziri wa Hela". Hulioni neno hela katika hati ya benki. Fedha imevaa kanzu na joho, inaingia ofisini. Pesa inaingia popote. Hela iko kijiweni na jikoni. Maneno matatu, kitu kimoja, na Mswahili hakosei hata mara moja lipi la wapi.

Sasa niwaletee mawili mengine.

Sumuni. Wenye umri wangu mnaikumbuka senti 50, sumuni. Kwa Kiarabu thumni ni moja ya nane. Lakini senti 50 ni nusu ya shilingi! Nane imetoka wapi? Imetoka kwenye riale, ile sarafu nene ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Aliaga dunia mwaka 1780, na sarafu ikaendelea kugongwa kwa mwaka huohuo wa 1780 vizazi na vizazi, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani yetu hawakuamini nyingine. Riale moja ilikwenda kwa rupia mbili hivi. Huko bara rupia moja ilipobadilishwa ilitoa shilingi mbili. Kwa hiyo riale ni shilingi nne, na ukizigawa kwa nane unapata senti 50. Watu walikuwa wanahesabu kwa sarafu ya malkia aliyekufa, ndani ya mifuko ya shilingi ya Mwingereza, na hesabu ilitimia.

La pili ni dala. Shilingi tano iliitwa dala, na hapo ndipo makonda wa Dar es Salaam, miaka ya 1980, walipokuwa wakipiga kelele "dala! dala!" kwa nauli yao, basi likapata jina. Dala ni dola. Dola ni thaler. Thaler ni kifupi cha Joachimsthaler, yaani sarafu ya Joachimsthal, mji wa machimbo katika Bohemia, Ucheki ya leo, ambako kuanzia miaka ya 1520 hivi waligonga sarafu kubwa za fedha. Na hiyo riale ya Maria Theresa nayo ni thaler. Thal, kwa Kijerumani, ni bonde. Basi unapopanda daladala pale Darajani au Kariakoo, jina ulilolipanda ni "bonde, bonde".

Chemutai wa Kapsabet

Mwalimu, shikamoo. Hiyo ya sumuni nimeihesabu mara tatu kwenye karatasi. Inatimia kweli.

Mama yangu bado anasema thumuni. Na kuna ndururu, senti tano. Ukisema mtu hana hata ndururu umemaliza habari zake. Nimeona kitu: tukitaka kusema mtu hana kabisa, hatusemi hana hata elfu. Tunashuka mpaka ile ya mwisho. Hana hata senti. Hana hata ndururu. Pengine hapo ndipo sarafu ndogo inapopata nguvu yake, kwa sababu watu wengi zaidi wameishi karibu na kukosa kuliko kupata.

Mwana wa Makorora

Dada Chemutai, hilo la kukosa sikuliona kabisa, na sasa kila nikilisoma naona lina ukweli. Mwalimu, shikamoo na mimi. Nimepanda daladala ya Buguruni leo asubuhi nikasoma ubao wa mbele kana kwamba ni mara ya kwanza.

Nataka kuongeza moja kuhusu pesa kabla sijasahau. Mwaka 2007 Kenya ilipoanza kutuma fedha kwa simu, huduma ikaitwa M-Pesa. Herufi M ni ya simu ya mkononi, na pesa ni pesa hii ya bibi. Neno lilianza kwenye shaba unayoweza kuisikia ikilia ukiidondosha sakafuni, na sasa linatumika kwa kitu kisicho na uzito, hakina mizani ya sultani wala tai, ni tarakimu na ujumbe mfupi tu. Lakini mama yangu akipokea huutazama ule ujumbe, halafu anasema, "Pesa imefika," na anaufunga mkono kama mtu aliyepewa kitu.

Mkusanya Sarafu

Mkuu, umewahi kumuuliza bibi mwenyewe sarafu ile anaiitaje? Maana sisi tunajadili, mwenye mali hajasema.

Mwana wa Makorora

Mkuu, umenikumbusha wajibu. Nimempigia jana baada ya magharibi. Nikamwambia, bibi, ile hela ya zamani iliyo kashani, nimeambiwa tusiisugue tena.

Akanikatiza hapohapo. "Ile siyo hela, mwanangu. Ile pesa."

Nikamuuliza tofauti yake ni nini. Akasema mama yake ndiye aliyewafundisha walipokuwa wadogo, akiwamwagia zote mkekani wazichambue. Yenye tai ni pesa. Yenye tundu ni hela, na hizo aliwatungia uzi wakavaa kiunoni. Na zile za Mfalme Joji, ingawa nazo zilikuwa na tundu, ni senti, hizo ndizo alizowatuma nazo dukani.

Nikamuuliza, na rupia je, ilikuwaje?

Akanyamaza kidogo. Nikamsikia anamwambia mtu apunguze moto wa jiko. Halafu akasema, "Rupia sisi hatukuiona. Ilikaa dukani kwa Mhindi."